Rosa Hafai Kuigwa

Mwaka 1971 zilitoka nchini Tanzania kazi mbili za maandishi zilizogusa jambo lilelile, ingawa ni wachache waliozisoma pamoja. Ya kwanza ni Sheria ya Ndoa, sheria namba 5 ya mwaka huo. Kifungu chake cha 66 kinatamka kwamba, hata kama mila inasema vingine, hakuna mtu mwenye haki ya kumcharaza mwenzi wake wa ndoa kwa kisingizio cha kumwadhibu. Sheria hiyohiyo iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa mzazi akiridhia. Ya pili ni riwaya ya Rosa Mistika, iliyoandikwa na Euphrase Kezilahabi na kuchapishwa na East African Literature Bureau. Ndani yake yumo Zakaria, mlevi wa Namagondo, Ukerewe, anayempiga mkewe Regina, na ambaye siku moja anamgeukia binti yake Rosa na kumpiga vibaya kwa kosa la kupokea barua ya mvulana. Sheria ilibaki kwenye makabati ya mahakama na kutumika. Riwaya ilipigwa marufuku shuleni.

Hoja ya waliokikataza kitabu hicho haikuhitaji ufafanuzi mrefu. Kijana akisoma habari za msichana wa shule anayelala na wanaume, anayetoa mimba na mwisho kujiua, ataiga. Mwandishi apewe basi kazi ya kutuletea watu wa kuigwa, na wale wasiofaa kuigwa wasitajwe, au wakitajwa waadhibiwe upesi ili kila mtu aone. Nadharia hii ya usomaji ina historia yake Dar es Salaam, tena historia ndefu kuliko ya kitabu chenyewe, na nadhani imekosea kuhusu wasomaji wa jiji hili kwa zaidi ya miaka hamsini. Hadithi za watu walioharibika zilifanya kazi ambayo sheria haikuiweza na jukwaa la siasa halikuitaka: kumfuata mtu nyuma, hatua kwa hatua, mpaka pale alipovunjikia. Kumfuata huko si kumsafisha. Wanaochanganya mambo hayo mawili ndio hukimbilia marufuku.

Tuanzie Kariakoo, Oktoba 1968. Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na vipodozi vya kujichubua vingekuwa haramu, kwa kuwa vilihesabiwa kuwa uigaji wa utamaduni wa kigeni. Tarehe yenyewe haikusubiriwa. Mwezi huohuo vikundi vya vijana viliwavamia wanawake kwenye vituo vya mabasi vya Kariakoo, wakiwatafuta waliovaa nguo fupi au za kubana, hadi polisi wakalazimika kuingilia kati. Eneo lile lilizaliwa kwenye kambi ya wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, likajaa wapangaji, wachuuzi, makuli na watu waliotoka kila mkoa, kila mmoja na lililomtoa kwao. Katika umati wa namna hiyo hakukosekana mnyang'anyi wala mlanguzi. Aliyesimamishwa na kuulizwa maadili yake alikuwa mwanamke aliyeshuka basi.

Hukumu ya kituo cha basi inakwisha kwa dakika chache. Haina haja ya kujua binti ametoka wapi, nani amemnunulia ile sketi, na kwa nini hakubaki kijijini. Inamwona mtu kama matokeo tu. Mjadala wa Operesheni Vijana ulijaa kwenye magazeti ya jiji wakati Kezilahabi akisoma Chuo Kikuu pale Mlimani, ambako alihitimu mwaka 1970. Sisemi kwamba riwaya yake ilikuwa jibu la vurugu zile za Kariakoo. Imewekwa mbali kabisa, kwenye kisiwa cha Ziwa Viktoria, na ina chimbuko lake huko. Ila inarudisha kila kitu ambacho hukumu ya mtaani ilikitupa: nyumba, kipigo, shule, ada, woga, pombe ya baba na ukimya wa mama.

Angalia jinsi ile barua inavyofanya kazi. Mvulana Charles anaandika, Zakaria anaipata barua, Rosa anapigwa. Ungetarajia kwamba kipigo hicho kitamfanya binti awe mwema, na kwa muda kinaelekea kufanya hivyo, kwani anawaogopa wanaume. Lakini hofu si maarifa, na Rosa anapokwenda sekondari Mwanza anafika akiwa na hofu tupu. Haikumfundisha kumtambua mwanamume mwongo, wala kusema hapana bila kukimbia, na hofu hiyo ilipopasuka hakukuwa na kitu kingine cha kumshika. Kutoka hapo mpaka chuo cha ualimu Morogoro anakuwa mtu mwingine. Kezilahabi hamfichi. Rosa anadanganya, anawatumia wanaume kama wanavyomtumia, anatoa mimba, na zipo kurasa ambazo msomaji anatamani kumshika mkono na nyingine ambazo anachoka naye kabisa. Uchovu huo ni sehemu ya kazi ya kitabu. Mhusika anayeonewa tu ni rahisi kumhurumia; huruma hiyo haitudai chochote. Rosa anatudai, kwa sababu huwezi kumhurumia bila kumeza na maovu yake.

Wapo watakaosema kwamba kumtazama mkosaji kwa jicho hili ni ladha ya kuazima, kwamba Kezilahabi aliwasoma Wazungu waliokata tamaa na kutuletea huzuni yao, wakati fasihi yetu ilizoea kutenga wema na ubaya waziwazi. Kweli aliwasoma, na hilo linaonekana zaidi katika riwaya zake za baadaye. Lakini aliyesoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, hawezi kuikubali hoja hiyo nzima. Ndugu wawili wa Adili wanamtupa baharini kwa wivu na tamaa, kosa ambalo hakuna mahakama ingelisamehe. Wanageuzwa manyani, na Adili anaamriwa awachape kila usiku. Adili anatii, kisha baada ya kuwachapa anawapembeleza na kuwalisha. Mfalme Rai anapopata habari hazungumzi juu ya kama manyani wale wanafaa kuigwa. Anataka kujua wametokaje hapo walipo, naye anasikiliza hadithi yote kabla ya kusema neno. Shaaban Robert, ambaye kila mtu anamtaja kama mwalimu wa maadili, aliweka mjeledi na huruma katika mkono mmoja. Hadithi yenyewe aliijenga juu ya kisa cha Alfu Lela Ulela, kwa hiyo mwenye kutafuta usafi wa asili atalazimika kurudi nyuma sana.

Marufuku ilihusu shule. Haikuhusu mtaa, na mtaa ulikuwa unapanuka kwa kasi. Sensa ya 1967 ilikuta watu wapatao 270,000 jijini Dar es Salaam. Ile ya 1978 ikakuta zaidi ya 750,000. Kampeni ya elimu ya watu wazima nayo ilikuwa imepamba moto, na upimaji wa kitaifa wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba asilimia 61 ya watu wazima walijua kusoma na kuandika, wakati miaka minane kabla yake walikuwa theluthi moja hivi. Maktaba Kuu ya Taifa ilikuwa imefunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1967, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Mnazi Mmoja, na duka la Tanzania Publishing House lilikuwa kwenye mtaa ambao sasa unaitwa Samora. Hizo ndizo zilikuwa njia rasmi. Njia nyingine ilikuwa ya vitabu vyembamba vya waandishi vijana waliochapa kwa fedha za kuungaunga, wakazunguka na mizigo yao wenyewe, wakaviacha kwa wauza magazeti vikapangwa chini pembeni ya barabara. Hammie Rajab, Kajubi Mukajanga, Eddie Ganzel, Kassim Kassam, na baadaye Ben Mtobwa, waliandika habari za malaya, majambazi, shuga dedi, wahuni na wasichana waliokimbia kwao. Karatasi ilikuwa adimu, uchumi ulizorota hasa baada ya vita vya Kagera, na bado vitabu vile vilitoka.

Ni vyema kukumbuka serikali iliwaitaje watu wa vitabu hivyo. Iliwaita wazururaji na wanyonyaji wadogo, na mwaka 1983 ikapitisha Sheria ya Nguvu Kazi iliyoipa uwezo wa kuwakamata jijini wasio na kazi inayotambulika na kuwapeleka mashambani. Riwaya nyingi zilizobarikiwa na siasa ya wakati ule zilikuwa na mwisho unaofanana na sheria hiyo: kijana anaharibikiwa mjini, anatubu, anarudi kijijini kulima. Hata Shida ya Ndyanao Balisidya ya mwaka 1975, kazi yenye jicho kali kuhusu ugumu wa maisha ya mji, inaelekea huko. Vitabu vya mitaani mara nyingi havikumrudisha mtu kokote. Vilimwacha Dar es Salaam na makosa yake, apambane nayo hapohapo, kama walivyokuwa wakifanya wengi wa waliovinunua. Msomaji wa Ilala au Magomeni hakuhitaji kufundishwa na kitabu namna ya kupata shuga dedi. Alikuwa akiwaona kila jioni. Alichokosa kwingine kote ni mtu wa kukiri kwamba yule binti aliye naye ana akili, ana hesabu zake, na ana sababu.

Hapa ndipo pana pingamizi zito kuliko lile la maadili, na linatoka upande wa pili kabisa. Fasihi hii pendwa iliandikwa karibu yote na wanaume, na huruma yake iligawanywa kwa upendeleo. Jambazi wa kiume alipewa utoto wa taabu na mwisho wa kishujaa. Malaya alipewa mapaja, na mara nyingi kifo. Huo ni ukweli, na haupungui kwa kusema kwamba nyakati zilikuwa hizo. Elvis Musiba, aliyempa taifa Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, alituletea mpelelezi asiye na jeraha lolote la ndani, mtu anayeua na kulala na wanawake bila lolote kumgusa, na hakuna aliyedai kitabu kile kifungiwe kwa sababu vijana wangeiga kuua. Tofauti hiyo inafichua mengi. Kilichowatisha walezi hakikuwa uovu kwenye karatasi, bali uovu wenye historia, uovu ambao ukiusoma hadi mwisho unamkuta baba, mwalimu au ofisa ndani yake. Na kuhusu upendeleo wa waandishi wanaume, dawa yake ni kuwasoma kwa namna ileile ya kudai zaidi: kuuliza mwanamke huyu angesema nini kama angepewa kurasa alizopewa jambazi. Kuvichoma vitabu hivyo kungetunyima hata ushahidi wa upendeleo wenyewe.

Kezilahabi mwenyewe aliupeleka mtihani huu mbele zaidi katika Kichwamaji, iliyotoka mwaka 1974. Safari hii mwenye kidonda ni mwanamume, Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu. Dada yake, Rukia, ametiwa mimba na Manase, mkuu wa wilaya, naye anafariki. Kazimoto anaamua kulipiza kisasi kwa kumharibu Sabina, dada yake Manase. Tuseme wazi: mpango huo ni wa kikatili, na Sabina hajamkosea mtu. Kitabu kinatuweka ndani ya kichwa cha mwenye mpango, kinatupa uchungu wake na akili yake, na hakitupatii mahali pa kujitenga. Kisasi kinageuka kuwa ndoa, ndoa inazaa mtoto mwenye kichwa kikubwa kwa sababu ya ugonjwa ambao njia zake zinarudi kwa wanaume hao wawili, na Kazimoto anajiua. Ukimaliza unajua kwa nini alifanya alichofanya. Unajua pia kwamba kujua hakumsaidii Sabina hata kidogo. Kuyashika yote mawili bila moja kulifuta jingine ndiko kusoma kwenyewe, nami naona ni kazi ngumu kuliko kulaani na kuliko kusamehe.

Kwa hiyo wanaosema huruma kwa wahusika wa aina hii huishia kuwapa udhuru hawajazisoma kazi zenyewe kwa makini. Kezilahabi aliliona pingamizi hilo mapema kiasi kwamba alilifanya kuwa tukio: Rosa Mistika haiishii kwenye kaburi, inakwenda hadi kwenye hukumu ya Mungu, ambako baba na binti wanalaumiana. Rosa anamshtaki Zakaria kwa malezi. Zakaria ana ya kwake ya kusema. Msomaji aliyekuja akitaka mkosaji mmoja anakuta kesi ambayo kila shahidi ni mshtakiwa. Kinachobaki imara katika hali hiyo ni wajibu, na umegawanywa kwa watu wengi zaidi ya tulivyopenda. Zakaria naye hakuzaliwa na chupa mkononi. Ni mtu aliyeshindwa mbele ya jamii yake na akapata mahali pamoja tu pa kutawala, nyumbani kwake. Kusema hivyo hakuondoi alama hata moja kwenye mwili wa Regina. Kifungu cha 66 kilikwisha kusema kwamba hana haki. Kwa nini anaendelea, na kipigo cha mama kinavuka vipi na kuwa maisha ya binti, hilo sheria haikuandikwa ili kulieleza.

Lipo swali la watoto, na silichukulii kwa mzaha. Mtoto wa miaka tisa si msomaji wa Kichwamaji, na mwalimu ana haki ya kupanga kipi kisomwe lini. Lakini Rosa Mistika haikuwa ikizungumzwa kuhusu watoto wa miaka tisa. Ilihusu wasichana wa umri wa Rosa, walewale ambao sheria ya mwaka huohuo ilikubali waolewe, na ambao wakipata mimba shuleni walifukuzwa. Desturi hiyo ya kuwafukuza iliimarishwa na kanuni za mwaka 2002, ikasisitizwa na Rais Magufuli hadharani Juni 2017, na ikaondolewa kwa tamko la serikali Novemba 2021 lililowaruhusu kurudi masomoni. Kwa hiyo kwa miongo mingi aliyekuwa na umri wa kubeba mimba, wa kuolewa na wa kufukuzwa alihesabiwa kuwa hana umri wa kusoma habari za mwenzake aliyepatwa na hayo. Kitabu na msichana mwenyewe waliondolewa darasani kwa hoja ileile, kwamba kuwepo kwao kungewaambukiza wengine.

Rosa Mistika baadaye iliruhusiwa, ikasomwa na kufundishwa, na Kezilahabi alipofariki Januari 2020 aliombolezwa kama mmoja wa waandishi wakubwa kabisa wa Kiswahili. Lakini nadharia ya kuiga haikufa. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, na wazazi wakahimizwa kukagua mabegi ya watoto wao. Hiyo ndiyo sura yake ya kelele. Sura yake ya kimya inauzwa kila siku katikati ya jiji, kwenye meza na maturubai ya wauza vitabu, nayo ni miongozo ya mitihani. Mwanafunzi mwenye fedha za kitabu kimoja atanunua mwongozo na kuiacha riwaya, na hesabu yake si ya kijinga, maana mwongozo ndio unaojibu mtihani. Humo kila mhusika amefupishwa kwa vidokezo vichache, na mstari wa mwisho wa kila mmoja ni uleule: anafaa kuigwa na jamii, au hafai kuigwa na jamii. Mchukue Lomolomo wa Watoto wa Mama N'tilie, riwaya ya Emmanuel Mbogo ya mwaka 2002, ambayo imewekwa Dar es Salaam hii hii. Ni baba mlevi. Watoto wake wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada na kuishia kwenye jalala, huku mkewe akichoma vitumbua na kupika ili nyumba isife njaa. Mwongozo utakwambia ni mlevi, hajali familia, hafai kuigwa. Yote ni kweli, na mwanafunzi anapata alama bila kuulizwa jalala lile ni la nani, na kwa nini shule inamfukuza mtoto kwa deni la mtu mzima.

Udhaifu wa kipimo hicho unaonekana vizuri zaidi ukimpima kwacho Charles, yule mwenye barua. Hampigi mtu. Anampenda Rosa tangu ujana, na anarudi na nia ya ndoa, jambo ambalo hakuna mwanamume mwingine kitabuni aliyemletea kwa dhati. Kwa vidokezo vya mwongozo anapita bila shida, anafaa kuigwa. Anapogundua kwamba Rosa si bikira anamwacha, na Rosa anajiua. Hakuna mjeledi wala pombe katika uamuzi wake, na hakuna kifungu cha sheria anachokivunja.